Kituo bila basi: uchambuzi wa mwendokasi ya Kimara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, abiria wa Manzese anayekwenda Kivukoni anavuka njia za magari ya kawaida hadi katikati ya Barabara ya Morogoro. Anapanga foleni dirishani, analipa, anapewa kikaratasi chembamba chenye alama za kusomwa na mashine, anapita getini. Mpaka hapo hajaliona basi. Hajui kama linalofuata limefika Ubungo au bado linapakia Kimara, wala kama litakapofika litakuwa na nafasi ya kuweka hata mguu mmoja. Nauli ameshalipa. Uzuri wa mwendokasi, yaani mfumo wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, na adha yake vyote vimo katika mpangilio huo: unalipa, unaingia ndani ya banda lililozungushiwa kuta, ndipo unaanza kusubiri.

Mazungumzo yetu kuhusu mwendokasi yana mazoea ya kutenganisha mambo mawili. Tunasifu miundombinu, tunalaumu uendeshaji. Barabara nzuri, vituo vizuri, ila mabasi machache. Mimi naona utenganisho huo unatuficha jambo kubwa. Karibu kila kitu kizuri kilichosanifiwa katika mfumo huu kilisimama juu ya sharti moja ambalo halionekani kwenye zege wala kwenye michoro, nalo ni kwamba basi litakuja upesi. Sharti hilo likivunjika, usanifu haubaki mzuri ukisubiri mabasi yaongezeke. Unaanza kumuumiza abiria, na unamuumiza kwa vitu vile vile vilivyokusudiwa kumsaidia.

Kilichojengwa

Wazo lenyewe lilitoka Amerika ya Kusini. Curitiba, Brazili, ilianza kuyapa mabasi njia zake mwaka 1974, na Bogotá, Kolombia, ikazindua mfumo wake mwishoni mwa mwaka 2000. Dar es Salaam ilianza kulifikiria mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 serikali ikaunda Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART. Mpango ni wa awamu sita. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulifanywa na kampuni ya Strabag kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ni kilomita 21 hivi: shina kutoka Kimara hadi Kivukoni, tawi moja linalochepuka Magomeni kwenda Morocco kwa Barabara ya Kawawa, na jingine linalochepuka kwenye kituo cha Fire kwenda Gerezani kwa Mtaa wa Msimbazi. Vituo vya kawaida ni 27 na vituo vikuu 5. Abiria walianza kupanda Mei 2016, na Rais John Magufuli akazindua rasmi tarehe 25 Januari 2017. Mwaka 2018 jiji likatwaa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kufanya hivyo.

Anayekumbuka Barabara ya Morogoro kabla ya hapo anajua kwa nini watu walishangilia. Foleni ya Ubungo ilikuwa imewapangia watu maisha. Mkazi wa Kimara au Mbezi aliyefanya kazi Posta aliamka saa kumi alfajiri ili awahi saa mbili asubuhi, na watoto wake aliwaona wamelala wakati wa kutoka na wamelala tena wakati wa kurudi. Safari iliyokuwa ikila saa mbili na zaidi ilishuka hadi kama dakika 45. Huwezi kumweleza mtu thamani ya hilo kwa takwimu. Ni mzazi kukuta chakula cha jioni bado hakijaondolewa mezani.

Muda huo uliokolewa na maamuzi kadhaa ya usanifu. La kwanza linaonekana wazi: njia za katikati ni za mabasi peke yake. Mengine ni madogo ukiyatazama, ila ndiyo yenye akili. Sakafu ya kituo iko usawa mmoja na sakafu ya basi, kwa hiyo hakuna ngazi ya kupanda. Kwa kuwa vituo viko katikati ya barabara na sisi tunaendesha kushoto, milango ya mabasi iko upande wa kulia, mipana, inafunguka yote kwa pamoja. Kwenye vituo barabara ina nafasi ya basi moja kulipita jingine, ndiyo maana ekspresi inaweza kuruka vituo. Na malipo yamehamishwa kutoka mlangoni kwenda dirishani. Kama kila abiria angemlipa dereva au konda mlangoni kwa sekunde tatu tu, abiria 60 wangelishikilia basi dakika tatu nzima. Tiketi ya dirishani inaziondoa dakika hizo tatu.

Kuna tunda moja la usanifu huu ambalo nadhani halijasifiwa vya kutosha. Kwenye daladala, konda ndiye anayeamua nani apande. Mwanafunzi anayelipa nauli ndogo anajua maana yake: gari linasimama mbele, konda anaweka mkono mlangoni, watu wazima wanapita, sare za shule zinabaki kituoni. Mzee mwenye fimbo anaambiwa afanye haraka. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anaonekana mzigo. Mwendokasi ilipomwondoa konda mlangoni, ilimwondoa pia mwamuzi huyo. Mwanafunzi aliyelipa shilingi 200 na mfanyakazi wa benki aliyelipa 650, nauli za mwaka 2016, walisimama mbele ya mlango mmoja wakiwa na haki moja. Mtu wa kiti cha magurudumu aliweza kuingia kwenye basi la umma bila kubebwa. Hakuna kampeni wala onyo kwa makonda lililowahi kufanya kazi hiyo kwa miaka yote, lakini sakafu iliyosawazishwa na dirisha la tiketi viliifanya kimya kimya siku ya kwanza.

Hesabu ya banda

Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Huduma ilianza na 140. Ilielezwa kuwa ni huduma ya mpito, na mpito ukawa mrefu.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba zangu za kuelezea tu. Tuseme kituo kimoja asubuhi kinaingiza watu 20 kwa dakika. Basi likija kila baada ya dakika tatu, linawakuta watu 60. Basi refu lenye kiungo katikati, lile la mita 18, linabeba kama 150, kwa hiyo watu 60 wanaingia bila kusukumana hata kama humo ndani kuna wengine. Sasa basi lichelewe, lije baada ya dakika 15. Kituoni wako 300. Hata likija tupu kabisa, nusu yao wanabaki. Na asubuhi halifiki Manzese likiwa tupu, linatoka Kimara limejaa nyomi.

Hapa ndipo usanifu unapogeuka. Banda lile lilipimwa kwa ajili ya watu wanaopita, wala halikupimwa kwa ajili ya watu wanaokaa. Ni refu na jembamba kwa sababu liko kati ya njia mbili za mabasi na haliwezi kutanuka. Watu 60 wakisimama dakika tatu ni kituo kizuri chenye kivuli. Watu 300 wakisimama robo saa, kwenye joto la Februari la Dar es Salaam, ni msongamano ambao mama mjamzito hawezi kuuvumilia. Ile sakafu iliyosawazishwa, ambayo ilikuwa heshima kwa mzee, inakuwa ukingo ambao watu wa nyuma wanawasukumia watu wa mbele. Milango mipana inayofunguka kwa pamoja inakuwa vita vitatu au vinne vinavyopiganwa kwa wakati mmoja. Na mwanafunzi aliyeokolewa kutoka kwenye mkono wa konda sasa anashindwa na mabega ya watu wazima. Haki ya kupanda iliyotolewa na usanifu ilikuwa imewekwa kwenye nafasi, na nafasi isipokuwepo mwenye nguvu anarudi kuwa mwamuzi.

Uchelewaji nao unajilisha wenyewe. Basi likichelewa, kituoni watu wanaongezeka. Watu wakiongezeka, kupakia kunachukua muda zaidi, kwa hiyo kituo kinachofuata linafika limechelewa zaidi na kukuta umati mkubwa zaidi. La nyuma yake linakuta vituo vimekwisha kusafishwa, linakimbia, linalifikia la mbele. Ndiyo maana abiria anakaa dakika ishirini bila kuona kitu, halafu yanakuja matatu yameongozana, la kwanza halina pa kushika, la tatu lina viti. Wengi huona huo ni uzembe wa madereva. Dereva peke yake hawezi kuuzuia. Unazuiwa na mtu aliye kwenye chumba cha uongozaji, anayeyaona mabasi yote kwa pamoja na mwenye mamlaka ya kuliambia moja lisubiri, jingine lianzie Ubungo badala ya Kimara. Anaweza kufanya hivyo iwapo tu ana basi la akiba. Kwenye mfumo ulioanza na chini ya nusu ya mabasi uliyoyahitaji, akiba haikuwepo.

Mtu anayeweza kuondoka

Daladala ina kasoro zote tunazozijua. Lakini ina jambo moja ambalo wasanifu hawakulihesabu kama usanifu: hujalipa mpaka umepanda. Unasimama kandokando ya barabara, unaona magari, unamsikia konda akiita. Ukiona mambo hayaendi, unatembea hadi kituo cha mbele, unachukua bodaboda, unaungana na wenzako watatu kwenye bajaji, au unapanda gari linaloelekea upande mwingine ili ugeuze nalo upate kiti. Kila dakika una uamuzi mkononi. Konda naye ni chanzo cha habari. Anakuambia gari linapita wapi, mbele kuna foleni au hakuna, linajaza au linaondoka.

Ukishapita geti la mwendokasi, vyote hivyo vimeisha. Uko kwenye kisiwa katikati ya barabara. Kuondoka maana yake ni kuitupa nauli na kuvuka tena njia za magari. Na ukiondoka, uende wapi? Mfumo ulipoanza mwaka 2016, daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro kuelekea Posta na Kariakoo zilihamishiwa njia nyingine. Kwa mantiki ya mradi uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu mabasi makubwa hayawezi kujiendesha kifedha huku yakinyang'anywa abiria na magari madogo. Lakini uamuzi huo uliondoa mlango wa dharura wa abiria kabla ya kuhakikisha kuwa hautahitajika. Hata ukitaka kuziita daladala zisaidie asubuhi moja mambo yakiharibika, haziwezi kupakia kwenye vituo vile: mlango wake uko kushoto na ngazi yake iko chini. Usanifu uliolifanya basi na kituo vifungamane umefanya pia visiweze kusaidiwa na gari jingine lolote.

Ndiyo maana nasema kulipa kabla ni ahadi. Abiria anayetoa pesa kabla ya kuiona huduma anampa mwendeshaji imani kubwa kuliko anayompa konda. Imani hiyo inadai kitu, angalau habari. Ndani ya banda, swali la abiria ni moja, basi liko wapi, na jibu lake ni rahisi kiteknolojia: kifaa cha kuonyesha mahali ndani ya basi, skrini kituoni, dakika zilizobaki. Mtu anayejua kuwa basi litakuja baada ya dakika 12 anafanya uamuzi. Anapiga simu kazini, anamwachia mwenzake nafasi ya mbele, anakaa chini. Asiyejua anasogea ukingoni na kubaki hapo, kwa sababu kila dakika huenda ndiyo yenyewe. Nina hakika kuwa sehemu ya kusukumana kule inatokana na kutojua zaidi kuliko inavyotokana na ukosefu wa adabu tunaoulaumu kila siku.

Shilingi hamsini

Tiketi inahitaji kutazamwa kwa karibu. Nauli ya njia kuu ilipangwa shilingi 650, baadaye ikawa 750. Daladala wakati ule ilikuwa 400. Toa noti ya 1,000: chenji ni 350 kwa nauli ya kwanza na 250 kwa ya pili, maana yake sarafu ya hamsini lazima iwepo dirishani, kwa kila mmoja, maelfu ya mara kwa asubuhi moja. Kila aliyeishi Dar anajua sarafu ya hamsini ilivyo adimu. Kwenye daladala tatizo hilo linatatuliwa gari likitembea: konda anawaunganisha watu wawili wagawane, au anakuambia utapewa mbele ukishuka. Dirishani hakuna "mbele". Mtoa tiketi anatafuta, anauliza aliye nyuma kama ana hamsini, foleni inasimama. Zile sekunde tatu zilizoondolewa mlangoni mwa basi zimerudi dirishani, safari hii zikiwa nyingi zaidi.

Kadi ilikuwa dawa ya wazi tangu mwanzo, na mfumo ulibuniwa na mageti ya kusoma tiketi. Lakini kwa muda mrefu abiria wengi waliendelea na kikaratasi, na mara nyingi geti lilisimamiwa na mhudumu aliyekichana kwa mkono. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kufungia pesa ya wiki nzima kwenye kadi bila kuwa na hakika kwamba kesho itafanya kazi, na kwamba salio lake halitapotea mashine zikibadilishwa. Kadi nayo ni kulipa kabla, hatua moja zaidi nyuma. Mahali ambapo basi halina uhakika, hiyo kadi inauzwaje?

Jangwani

Mvua ikinyesha sana, mfumo unakatwa katikati. Barabara ya Morogoro inavuka Bonde la Msimbazi pale Jangwani, na karakana kuu ya mabasi ilijengwa humo humo bondeni. Watu wa Jangwani waliyajua maji hayo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Ujenzi wa mfumo ulianza mwaka uliofuata. Baadaye mafuriko yakaja tena na tena, barabara ikafungwa, mabasi yakaharibiwa na maji yakiwa nyumbani kwao. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana. Ni jambo jema. Linauma tu kwamba abiria wa Kimara aliambiwa kwa miaka hana basi kwa sababu mabasi ni machache, na baadhi ya hayo machache yaliegeshwa mahali ambapo familia zilikuwa zimeondolewa kwa sababu ya maji.

Dakika zisizo na mwenyewe

Nikijiuliza kwa nini sharti la basi kuja upesi lilikosa mlinzi, naona limegawanywa mno. TANROADS, wakala wa barabara, ilisimamia ujenzi wa barabara na vituo. DART ni wakala wa kusimamia mfumo. Mabasi yaliendeshwa na kampuni ya UDART, tiketi zikashughulikiwa na kampuni nyingine, nauli zikapangwa na mamlaka ya udhibiti wa usafiri, SUMATRA na baadaye LATRA. Kila mmoja ana kitu cha kupima: kilomita zilizokamilika, tiketi zilizouzwa, mabasi yaliyotoka karakana. Dakika za yule abiria wa Manzese hazimo kwenye daftari la yeyote. Zege lina tarehe ya makabidhiano na mkandarasi wa kulipa faini akichelewa. Pengo kati ya basi na basi halina.

Awamu ya pili imetuonyesha jambo lile lile kwa sura nyingine. Kwenye Barabara ya Kilwa, njia za zege na vituo hadi Mbagala vilitangulia, vikakaa vikisubiri mabasi, na huduma ikaanza mwaka 2025. Wakazi wa Mbagala, ambao kwa shida ya usafiri hawana wa kulinganishwa naye katika jiji hili, walipita kila siku kando ya vituo vilivyokamilika wakiwa wamening'inia kwenye milango ya daladala. Katika mpango wanafuata watu wa Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, na wa Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo.

Ningetaka mambo matatu yaandikwe kabla geti halijafungwa nyuma ya abiria. Mkataba wa mwendeshaji utaje pengo la juu kabisa linaloruhusiwa kati ya basi na basi, kwa kila kituo na kila saa, na malipo yake yapungue pengo hilo likivukwa, kama mkandarasi wa barabara anavyokatwa. Pengo lenyewe litangazwe kituoni, kwenye skrini au hata kwenye ubao wa chaki, ili mtu ajue kabla ya kulipa. Na tiketi ambayo basi lake halikuja ndani ya muda uliotangazwa irudishiwe pesa getini pale pale, bila barua wala namba ya simu ya malalamiko. La tatu ndilo litakalopingwa zaidi, kwa sababu ndilo pekee litakalomfanya mtu mwingine, mbali na abiria, aanze kuzihesabu dakika zile.